Kipande cha Bi Kijakazi

Matete ya Bi Kijakazi yalikufa mara ya tatu, na safari hii hayakumaliza hata wiki. Jumatatu yalipandwa yakiwa mabichi. Ijumaa yalikuwa yamekauka kuanzia shinani kwenda juu, na ukiyavuta yanatoka yenyewe, hayana mzizi wa kushika. Kushoto kwake na kulia kwake vipande vya wanawake wengine vilikuwa vimeanza kufunga kijani. Chake tu, mita kumi za ukingo wa mto Msimbazi upande wa Mchikichini, kilibaki kitupu.

"Mimi nimelima tangu sijavunja ungo," alisema, amechuchumaa na kifungu cha matete makavu mkononi. "Kilwa nimelima mpunga, nimelima ufuta. Kitu hiki sijapata kukiona, mwanangu. Udongo wenyewe unakataa."

Severa, mwenye kipande jirani, alishuka kumsaidia kuchimba upya. Bi Kijakazi ndiye aliyemfundisha kazi hii: kuuzamisha mche mpaka kiwiko, kuukanyagia kwa kisigino, kutouvuta hata kidogo baada ya hapo. Miezi miwili mashine ya kijiko ilikuwa imekwangua tope jeusi la mtoni na malori yakalipeleka mbali. Ukaletwa udongo mpya, wakaandikwa wanawake thelathini na wawili wa mtaani wapande matete na nyasi za kushika ukingo. Kila mmoja na kipande chake, jina limeandikwa kwenye kigingi kwa rangi nyeupe. Kipande kikishika, kibarua kinaendelea. Kisiposhika, msimamizi anakuja na daftari.

Jembe la Severa liligonga jiwe. Akaliinua kwa mikono, akidhani ni kifusi cha kawaida. Chini yake kulikuwa na mdomo wa bomba la plastiki, la bluu, lenye kovu jeusi pembeni na mpira wa tairi la baiskeli uliozungushwa kuziba ufa. Maji membamba yalikuwa yakichuruzika, meupe tu, lakini harufu yake ilikuwa chachu, ya kuchoma pua.

Kovu lile alilifanya yeye. Krismasi iliyopita alisogeza jiko la mkaa karibu mno na bomba la maji ya mvua nyuma ya nyumba, likaungua, na mumewe Rogath akalifunga kwa mpira wa tairi huku akimtania. Na harufu ile alikuwa akiifua kwenye mashati ya Rogath kila Jumamosi.

Akalirudisha jiwe, akalisukumia tope kwa mguu.

"Umeona nini?" Bi Kijakazi aliuliza kutoka juu.

"Jiwe tu, bibi."

* * *

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya nne kutoka bondeni, na uwani kwake ndiko Rogath alikofanyia kazi. Aliwahi kuwa muuzaji katika duka la vipuri la baba yake mdogo pale Kariakoo, mpaka duka lilipofungwa. Sasa alinunua betri za magari zilizokufa kwa mafundi wa Ilala na Gerezani. Anazipasua kwa shoka, anamwaga maji yake, anatoa madini ya risasi yaliyomo ndani na kuyayeyusha kwenye karai juu ya mkaa, kisha anauza vipande vilivyoganda. Maboksi matupu ya betri aliyapanga ukutani, na binti yao Brightness, wa miaka saba, aliyageuza kuwa nyumba za kuchezea. Alikuwa na mtaa mzima huko nyuma, na duka, na kanisa.

Severa alimkuta mumewe ameinama juu ya karai.

"Baba Brightness, lile bomba la bluu la maji ya mvua liko wapi?"

Rogath hakuinua uso. "Lilitoboka. Nimelitumia kwingine."

"Nimelikuta mtoni."

Aliweka koleo chini taratibu. Hakuwa mtu wa kelele, na hilo lilimfanya awe mgumu kugombana naye.

"Nani mwingine ameliona?"

"Hakuna."

"Basi."

"Basi nini? Matete ya Bi Kijakazi yanakufa. Mara ya tatu hii. Wanasema ni mzembe."

"Mwanzo nilikuwa namwaga hapa mlangoni, mkasema kuku wanaungua miguu. Nimwage wapi, Mama Brightness? Chooni nako mwenye nyumba atasema." Alijifuta uso kwa mkono, akauacha na masizi. "Huo mto wameuharibu wangapi? Wenye rangi za nguo, wenye ngozi, wenye kuelekeza vyoo vyao huko mvua ikinyesha. Miaka yote. Leo wamekuja na kijiko, sumu yote imekuwa ya Rogath?"

"Sijasema yote."

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Kuna mtu ana kiwanja Pugu, nahamishia huko, bomba nang'oa. Ukisema leo, kesho hapa hakuna kazi. Ada ya mtoto unalipa na nini? Na kile kibarua chako, unadhani watamwachia mke wa mwenye bomba?"

Severa alimtazama Brightness aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha maboksi, kimya, ameshika tumbo. Siku hizi alikuwa akilalamika tumbo mara kwa mara. Minyoo, walisema, na dawa ya minyoo alishapewa mara mbili.

"Mpaka mwisho wa mwezi," Severa alisema, akaingia ndani kupika.

* * *

Jumanne iliyofuata msimamizi Abdulrazak alikuja na daftari kabla watu hawajavaa mabuti. Kulikuwa na maneno kwamba miche inaibwa na kuuzwa Upanga kwa watu wenye bustani. Akaenda moja kwa moja kwenye kigingi cha Bi Kijakazi.

"Bibi, nimekupa miche mia na ishirini. Iko wapi?"

"Shikamoo haipo leo?" Bi Kijakazi alisema.

Abdulrazak alisita. "Shikamoo. Miche iko wapi?"

"Marahaba. Imekufa, mwanangu. Si umeiona mwenyewe?"

"Imekufa ya kwako tu? Mto ni mmoja, udongo lori moja, wa kwako ndio unakufa? Hebu mkoba wako."

"Mkoba wangu una nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Mwaga."

Wanawake walikuwa wamesimama na vizibao vyao vya rifleta, wengine mguu mmoja ndani ya buti. Bi Kijakazi alimtazama yule kijana aliyeweza kuwa mjukuu wake, kisha akaugeuza mkoba juu ya udongo. Ikadondoka khanga, kopo la dawa za presha, muhogo wa kuchemsha ndani ya mfuko, tasbihi. Mwisho vikadondoka vitambaa viwili vilivyokunjwa vizuri, vile ambavyo mwanamke wa umri wake aliyezaa mara sita hulazimika kutembea navyo na hapendi mtu ajue. Msichana mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Abdulrazak aliviona, akaangalia pembeni, lakini alikuwa ameshaanza na hakujua namna ya kurudi nyuma.

"Mkoba kuwa mtupu leo si ushahidi," alisema.

Bi Kijakazi alipiga magoti kuokota. Alianza na vile vitambaa, akavificha ndani ya khanga. Halafu, bado amepiga magoti, akamgeukia Severa.

"Mama Brightness, wewe tuko pamoja asubuhi mpaka jioni. Umeshika jembe kwenye kipande changu. Mwambie."

Watu wote wakamgeukia. Kutoka pale Severa alipokuwa amesimama, lile jiwe halikuwa hata hatua tano.

"Mimi... mimi huwa naangalia kipande changu tu," alisema.

Bi Kijakazi alimalizia kuokota, akasimama kwa kushika goti. Abdulrazak aling'oa kigingi chenye jina lake, akakitupa kwenye toroli pamoja na vigingi vya akiba.

* * *

Jumapili, baada ya misa, Severa alimpelekea kilo tatu za mchele na sukari. Bi Kijakazi alikuwa amepanga chumba Ilala, kwenye uwa wa wapangaji saba. Alikuwa ameanza kukaanga vitumbua nje ya mlango, lakini wateja walikuwa wachache, kwa kuwa wapangaji wawili walikuwa vibarua wa mtoni na neno "mwizi" lilikuwa limeshafika kabla ya vitumbua.

Severa alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa hata akiyataka. Bi Kijakazi aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akamvuta ndani, akampa kigoda.

"Nilikukasirikia siku ile," alisema. "Usiku nikafikiri, nikasema, Severa ana mtoto mdogo, kibarua anakihitaji, angesema nini mbele ya bosi? Na tena hakujua kitu, atatetea nini? Nikakusamehe. Wote wale wanapita hapa mlangoni kwenda kuteka maji, hakuna aliyeingia kuniuliza hali. Wewe tu."

"Usiseme hivyo, bibi."

"Nisiseme kwa nini? Ni kweli." Akainua viganja. "Mungu akuzidishie. Na Baba Brightness, Mungu ampe baraka kazi yake ikue."

Severa aliitikia amina. Aliporudi alipita njia ndefu, kwa nyuma ya soko la Ilala, asikutane na mtu.

Mwisho wa mwezi ulifika. Mwenye kiwanja cha Pugu alikuwa amesafiri, Rogath alisema. Kidogo tu. Wiki moja.

* * *

Siku hiyo hiyo Brightness alirudi na barua kutoka kwa mwalimu wake. Mwaka jana alikuwa akisoma sentensi nzima. Sasa, mwalimu aliandika, anazisahau herufi, anasinzia darasani, na akiulizwa analia. Je, nyumbani kuna tatizo?

Asubuhi yake wanawake waliitwa kwenye hema la mradi. Mtaalamu wa udongo, msichana mwembamba anayeitwa Rachel, alikuwa amesimama na karatasi zenye majibu ya maabara. Alizungumza polepole, bila maneno makubwa.

"Tulichukua tope kila baada ya mita tano. Sehemu nyingi sasa ni salama. Sehemu moja ina risasi nyingi kuliko hata kabla hatujasafisha. Si risasi ya bunduki, ni yale madini mazito, ya kwenye betri. Na udongo una tindikali. Hakuna mmea utakaoishi pale."

"Ni wapi hapo?" mtu aliuliza.

"Kipande namba kumi na nne."

Ukapita mnong'ono. Namba kumi na nne kilikuwa cha Bi Kijakazi. Abdulrazak alikuwa amesimama mlangoni, akafungua daftari na kulifunga.

"Inatoka mahali karibu," Rachel aliendelea, "na bado inatoka. Sijaja kumtafuta mtu wa kumfunga. Ninachoogopa ni watoto. Hii kitu haionekani. Inakaa kwenye vumbi, mtoto anacheza, anaweka mkono mdomoni. Inaanza na tumbo. Watu wanadhani minyoo. Damu inapungua, mtoto anakuwa mchovu, anakuwa mkali. Halafu inapanda kichwani. Mtoto aliyekuwa anajua kusoma anaanza kusahau."

Severa alisikia sauti ikiendelea lakini maneno yaliishia pale. Aliona maboksi ukutani. Aliona mtaa ule mdogo na kanisa lake, na vidole vya Brightness vikisawazisha vumbi la kijivu liwe barabara.

Akasimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Ni kwangu," alisema. "Bomba linatoka kwangu. Liko chini ya jiwe. Dada, mwanangu ana hivyo vyote ulivyosema."

* * *

Walikuja saa nane mchana, Rachel na maofisa wawili na mwenyekiti wa mtaa. Rogath alikuwa anapasua betri. Alipowaona wanaingia na Severa mbele, aliinamisha shoka, akaliegemeza ukutani kwa uangalifu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Ungeniambia kwanza," alimwambia mkewe.

"Nilikuambia kwanza."

Maofisa walipima udongo kwa kifaa cha mkononi. Kila kilipogusa, kililia. Karibu na karai, kikalia. Kwenye maboksi, kikalia. Kwenye ngazi ya jikoni ambako Severa alichambulia mboga, kikalia. Majirani walijaa ukutani, na ilipofahamika ni nini, mwanamke wa nyumba ya tatu akaanza kupiga kelele kwamba watoto wake wawili wanaumwa matumbo tangu mfungo, na kwamba Wachaga hawa wamekuja kuwaulia watoto. Khalfani, mwenye nyumba, alifika akiwa bado na leso ya kulia chakula begani. Aliwapa siku tatu.

"Nimekaa na nyie miaka sita," alisema. "Miaka sita nakunywa chai hapa uwani kwenu."

Rogath alichukuliwa kutoa maelezo, akarudi jioni ya pili na karatasi ya faini na amri ya kuacha kazi. Hakumpiga Severa wala hakumtukana. Alikaa kitandani akiangalia mikono yake.

"Nilikuwa nanawa," alisema. "Kabla ya kumshika mtoto, siku zote nilikuwa nanawa."

Damu ya Brightness ilipimwa, majibu yakachukua siku kumi na moja. Daktari aliyaangalia muda mrefu kabla ya kuyasoma. Kiwango kilikuwa kikubwa mno, alisema, mtoto alazwe apewe dawa ya kuitoa risasi mwilini. Tumbo litapona. Damu itarudi. Severa aliuliza kuhusu herufi.

"Tutaona," daktari alisema. "Iliyoshaingia kichwani, mama, hairudi yote."

Rogath aliposikia alitoka nje ya wodi. Severa alimwona kwa dirisha amesimama kwenye jua kali, bila kutafuta kivuli. Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Rombo, kukopa kwa ndugu, alisema. Alipiga simu mara moja tu. Uwani kwa Khalfani mafundi waliovaa barakoa walichimba udongo kina cha mita nzima, wakaupakia kwenye mapipa, na yale maboksi wakayabeba nayo.

* * *

Severa alikwenda Ilala siku ya Alhamisi, kati ya saa za kuona wagonjwa. Alikuta Bi Kijakazi anachambua mchele mlangoni. Aliamkia, akaitikiwa. Hakukaribishwa kigoda, akachuchumaa.

"Nimesikia umeitwa tena kazini," alisema.

"Kanipigia Abdulrazak. Kasema nije Jumatatu." Ungo ulikuwa ukitikiswa taratibu. "Kwa simu. Mkoba alinimwagisha mbele ya watu, radhi kaniomba kwa simu."

"Utaenda?"

"Nitakula nini nisipoenda?"

Severa alianza maneno aliyokuwa ameyapanga njiani, ya kuomba msamaha, lakini yalikuwa mengi na yalikuwa yakianzia katikati. Bi Kijakazi aliinua mkono.

"Nataka jambo moja tu. Siku ile nilipopiga magoti naokota vitu vyangu, nikakuambia mwambie. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaja hapa na mchele. Nikakuombea dua, na mumeo. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, bibi."

Bi Kijakazi aliuweka ungo chini. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka tu, kama wa mtu aliyemaliza kazi nzito akaambiwa bado.

"Mumeo sina neno naye. Ananijua? Alikuwa anatafuta riziki, hakuniona. Wewe uliniona." Akapangusa chenga za mchele mkononi. "Na mtoto asingeumwa? Ungesema?"

Severa alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi, na hakuna ambaye angeweza kulihakikisha. Mwisho wa mwezi ungepita, na wiki ile moja ingepita, na nyingine.

"Sijui, bibi," alisema.

Bi Kijakazi alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kama mtu aliyepokea chenji sawasawa. Akachukua ungo wake, akaingia ndani. Hakufunga mlango, lakini hakusema karibu. Wapangaji wawili waliokuwa wakifua walimtazama Severa, wakaacha kuongea. Yeye alibaki amechuchumaa palepale. Miguu ilianza kufa ganzi. Hakuondoka, kwa sababu hakujua kama ameshafukuzwa.

Adhana ya alasiri ilipoanza, Bi Kijakazi alitoka na kopo la maji ya udhu. Alimkuta bado yupo. Alisimama, akamwangalia kwa muda, maji yakitikisika ndani ya kopo.

"Saa ya wagonjwa imekaribia," alisema. "Nenda kwa mtoto wako."

Severa akanyanyuka, akaenda.